Kijana wa Kibera Aulizwapo Yeye Ni Nani

Mlango wa chuo kikuu cha Kenya hufunguliwa kwa alama. Mwanafunzi akishajaza namba za masomo ayatakayo, na mtihani wake wa kidato cha nne ukishasahihishwa, hana la kufanya ila kumngoja mgawaji wa nafasi, ambaye zamani alikuwa halmashauri ya pamoja ya vyuo iliyojulikana kwa herufi za JAB, na ambaye kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ni idara iitwayo KUCCPS. Na mgawaji huyo humpangia chuo na somo pasipo kumwuliza hata neno moja juu ya nafsi yake. Mizani hiyo ina ukali, kwa sababu haitofautishi kati ya aliyesomea katika maktaba tulivu na aliyesomea penye kelele za majirani na moshi wa mafuta ya taa. Lakini ina staha yake pia, kwa kuwa haimshurutishi maskini kuutandaza umaskini wake mbele ya mgeni ili apate kusadikiwa.

Vyuo vya Marekani vina desturi nyingine. Fomu ya pamoja ambayo vyuo 15 viliianzisha mwaka 1975, na ambayo leo hutumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, humtaka mwombaji, juu ya alama zake na barua za walimu wake, aandike insha isiyozidi maneno 650 inayomhusu yeye mwenyewe. Humwekea maswali kadhaa achague moja, na la mwisho miongoni mwa hayo, lililoondolewa mwaka 2013 kisha likarejeshwa mwaka 2017, humruhusu kuandika juu ya mada yoyote aipendayo. Katika Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi itoayo vijana wachache, lakini hodari mno, wa kujaribu bahati yao katika vyuo hivyo, sijaona sehemu ya fomu inayowatia fadhaa kuliko ruhusa hiyo. Kijana aliyeshinda hesabu na kemia, akiambiwa yu huru kuandika lolote, hunyamaza. Na baada ya muda huleta insha ambayo mwalimu alikwisha kuisoma kwa mikono ya wengine: matope, bati linalovuja, mama mgonjwa, kibatari, na shukrani. Si kwamba mambo hayo ni uongo. Ni kweli, na mengine yalikuwa machungu kuliko yalivyoandikwa. Lakini haiyumkini kwamba vijana wengi wenye akili mbalimbali wawe na habari moja tu ya kusimulia, na ikiwa wote huishika hiyo moja, basi kuna mambo yaliyotangulia kuzaliwa kwao ambayo yamewazoeza hivyo. Mambo hayo ndiyo muradi wa maandishi haya.

Karatasi ya kwanza iliyomweleza Mwafrika wa Nairobi mbele ya serikali haikuandikwa na mwenyewe. Kwa sheria ya kuandikisha wenyeji iliyotungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza kwisha, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alipaswa kuchukua kipande, akakitia katika kijaluba cha madini kilichoning'inia shingoni, na humo mliandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la tajiri wake, mshahara aliopewa, na siku aliyoachishwa kazi. Huo ulikuwa wasifu, ila ulikuwa wasifu ulioandikwa na tajiri mmoja kwa faida ya tajiri wa pili, na mwenye kuuvaa aghalabu hakuweza kuusoma. Harry Thuku, aliyekuwa mpiga simu katika ofisi ya Hazina, alikitaja kipande miongoni mwa dhuluma alizozipinga. Akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi kumdai wakapigwa risasi. Haikuwa siri tena kwa mtu wa Nairobi kwamba karatasi isemayo mtu ni nani ina nguvu ya kumfunga na ya kumfungua.

Katika Kibera nguvu hiyo ilijulikana mapema zaidi. Askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, ambao wajukuu na vitukuu wao ndio Wanubi wa leo, waliruhusiwa mwanzoni mwa karne ya ishirini kukaa katika msitu uliokuwa kusini-magharibi ya mji uliokuwa bado mchanga. Na mwaka 1918 eneo hilo, lenye ekari 4,197, likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Aliyetaka kujenga na kulima huko ilimbidi awe na hati ya jeshi inayoshuhudia utumishi wake. Mwaka 1928 usimamizi ukatoka mikononi mwa wanajeshi ukaingia mikononi mwa watawala wa kiraia, na miaka michache baadaye Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter ikaamua kwamba Wanubi hawakuwa na milki, bali walikuwa wapangaji kwa hiari ya Mfalme, ijapokuwa serikali ilikuwa na wajibu wa kiutu juu yao. Familia za Makina na Lindi, vijiji vya Kibera, zikajifunza kutunza makaratasi: hati ya kuachiwa jeshini, kibali cha shamba, barua kutoka kwa mkuu wa wilaya, kila kijikaratasi ambacho siku moja kingeweza kumjibu mwulizaji. Zikaandika malalamiko kwa kila serikali iliyokuja, zikatuma wajumbe, zikangoja. Na hatimiliki ya jamii ilipotolewa mwezi Juni 2017 ilikuwa ya ekari 288. Kwa hiyo, katika Kibera, kujieleza kwa maandishi kulikuwa tangu awali ni kudai mahali pa kulala, na katika madai ya namna hiyo mtu hachagui mada. Mada huwekwa na yule mwenye kutoa au kunyima.

Kawangware ina asili nyingine. Ilikuwa nje ya mpaka wa mji, katika ardhi ya Wakikuyu wa Dagoretti, mpaka Nairobi ilipopanuliwa wakati wa uhuru ikaimeza. Na kwa kuwa ardhi ilikuwa na wenyewe wanaotambulika, wenyewe hao walijenga safu za vyumba vya kukodisha, wakaja wapangaji kutoka Magharibi, Nyanza na Ukambani, ambao hawakutakiwa kuonyesha nasaba kwa mtu yeyote, bali kodi ya mwezi tu. Mtoto wa Kawangware hana jalada la babu. Ana mashina mawili, la mtaani na la kijijini kwao Vihiga au Kisii aendako Desemba, na mara nyingi hudhani kwamba hata moja kati ya hayo si kubwa kiasi cha kuandikwa. Msomaji wa fomu aliyeko Connecticut haoni tofauti kati ya mitaa hii miwili, kwani yote kwake ni mabanda ya Nairobi; na vijana wenyewe, kwa kumkisia msomaji huyo, huiandika kana kwamba ni mahali pamoja.

Naona vema nikumbushe hapa kwamba haikuwa hivyo siku zote, na kwamba kuna kizazi kilichojieleza kwa vyuo vya Marekani kwa sauti tofauti kabisa. Njia ilikuwa imefunguliwa kitambo na wachache: Peter Mbiyu Koinange wa Kiambu alikwenda Hampton, Virginia, mwaka 1927, akaendelea Ohio na Chuo Kikuu cha Columbia, akarudi mwaka 1938, na mwaka uliofuata akaongoza chuo cha walimu cha Githunguri kilichojengwa kwa michango ya wananchi. Lakini halaiki ilikuja na Tom Mboya. Mboya, aliyekuwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, alizunguka Marekani mwaka 1959 akihutubia vyuo na vyama vya wafanyakazi, akapata ahadi za nafasi za masomo. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Tajiri William Scheinman akasaidia, na barua ya kuomba michango ikatiwa sahihi na Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mwigizaji. Mwezi Septemba vijana 81 wakapanda ndege Nairobi kwenda New York. Mwaka 1960 wakfu wa akina Kennedy ukatoa dola 100,000, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwamo Wangari Muta, aliyesoma Loreto Limuru, ambaye alikwenda chuo cha masista huko Atchison, Kansas, na ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Wangari Maathai. Mpaka mwaka 1963 mpango huo ulikuwa umewachukua vijana wapatao 800.

Hao hawakuwa na fomu ya pamoja wala kikomo cha maneno. Waliandika barua, chuo baada ya chuo. Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, ambaye alifika Hawaii mwaka huohuo wa 1959 kwa njia nyingine isiyokuwa ndege ile, alisaidiwa katika kutafuta chuo na wanawake Wamarekani waliokuwa Nairobi kwa kazi ya elimu ya watu wazima. Serikali ya kikoloni haikuzipenda safari hizo za Marekani, ikidai kwamba elimu ya Marekani ni hafifu kuliko ya Makerere na ya Uingereza. Kwa hiyo aliyeomba alikuwa tayari amekwisha kufanya tendo la uthubutu kabla hajatia neno la kwanza. Nami naamini kwamba wakati wenyewe ndio uliompa mada. Nchi ilikuwa inakaribia kuwa huru, haikuwa na madaktari wala wahandisi wake wa kutosha, na kila kijana aliyeweza kusoma Kiingereza vizuri alijua kazi inayomngoja. Dhiki ilikuwapo, na pengine ilizidi ya leo, kwani wengi wao walikuwa wametembea bila viatu mpaka sekondari. Lakini dhiki haikuwa bidhaa yao. Wazazi na majirani waliochanga shilingi kwa shilingi ili kijana asafiri walimfanya mjumbe wao, na mjumbe huzungumzia aliyotumwa.

Sauti hiyo ilififia kwa taratibu, na sidhani kwamba kuna mtu mmoja wa kulaumiwa. Baada ya uhuru Kenya ikajenga vyuo vyake, Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata hadhi kamili mwaka 1970, na mtihani ukachukua mahali pa barua. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 mtoto alikutana na insha mapema, akaandika nyingi kuliko awezavyo kukumbuka, kwanza kwa ajili ya mtihani wa darasa la nane, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na kisha kwa ajili ya karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika kidato cha nne, ambamo huwekewa maswali manne, la kwanza likiwa la lazima. Swali la lazima ni barua, hotuba, ripoti au kumbukumbu za mkutano. Katika mengine kuna methali inayohitaji kisa cha kuithibitisha, na kuna maneno aliyoyachagua mtungaji wa mtihani, ambayo kisa hakina budi kuanza au kwisha kwayo. Sisemi haya kwa kuidharau insha hiyo. Imewapa watoto wa mitaa hii, ambao nyumbani huzungumza Kiluhya, Kijaluo, Kinubi au Sheng, hazina ya lugha ambayo wengine hawakuipata kwa fedha, na nimewasikia wasichana wa Gatina, upande wa Kawangware, wakishindana kwa misemo ya alfajiri na ya huzuni kwa ustadi uliofurahisha masikio. Lakini ina mafunzo mawili mengine yanayoingia kimyakimya. La kwanza ni kwamba mada hutoka juu, nayo kazi ya mwandishi ni kuitii. La pili ni kwamba neno mimi katika insha si mtu bali ni vazi. Mtoto ambaye wazazi wake wote wa hai hujiandika yatima, aliyelala ameshiba hujiandika mwenye njaa, kwa sababu amegundua, na hajakosea, kwamba msahihishaji aliyehuzunika ni karimu.

Funzo la tatu hutoka nje ya darasa. Shule nyingi za Kibera na za Kawangware ni za watu binafsi, za makanisa, au za mashirika ya ufadhili, na hata elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure Januari 2003, shule za serikali zilizo karibu, kama ile ya Olympic, zilijaa kupita kiasi, hivi kwamba wazazi wengi waliendelea kuwategemea wafadhili. Mfadhili hupelekewa barua. Mtoto wa miaka minane hukalishwa na mwalimu wake aandike kwa mtu asiyemjua, aliyeko ng'ambo, kwamba anaendelea vizuri, kwamba nyumba yao ni chumba kimoja, kwamba akiwa mkubwa atakuwa daktari, na kwamba Mungu ambariki. Mtoto huyo atakapofika miaka 18 na kuulizwa na chuo cha Marekani, wewe ni nani, mkono wake unaijua barua hiyo kabla akili haijaamka. Sioni ajabu. Wala siwalaumu walimu waliomwandikisha, kwani barua hizo ziliwalipia watoto karo, na karo ilileta vyeti.

Juu ya hayo yote ukaja wakati ambapo Kibera yenyewe iliwekwa jukwaani. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwa dunia katika filamu ya The Constant Gardener, ambayo sehemu yake ilipigwa humohumo. Agosti 2006 Seneta Barack Obama alipita akishangiliwa. Na baada yake wageni wenye kamera hawakukoma. Ikasemwa kila mahali kwamba Kibera ina watu milioni moja na zaidi, na kwamba ni mabanda makubwa kupita yote katika Afrika, mpaka sensa ya 2009 ikahesabu watu wapatao 170,000. Wapo waliokasirika, wakaona kama kwamba wamenyang'anywa kitu. Nami nadhani kwamba kukasirika huko kwaeleza mengi: ukubwa wa dhiki ulikuwa umekwisha kuwa mali, na kuupunguza kulikuwa kama kuvunja ghala. Mwaka uleule wa 2005 Binyavanga Wainaina alichapisha katika jarida la Granta insha yake mashuhuri ya kuwakejeli wanaoiandika Afrika kwa njaa na machweo. Lakini kijana wa Laini Saba, kijiji cha Kibera, hakuweza kuicheka kwa raha, kwa sababu yeye alikuwa hakika katika ile picha, na picha ilikuwa ikimletea shule.

Ilitokea pia, mwishoni mwa 2009, kwamba vijana wa Kibera wakapewa vyombo vya kupokea ishara za setilaiti, wakapita vichochoroni kuanzia Kianda mpaka Silanga wakiandika palipo na bomba, zahanati, shule, msikiti na njia ya giza, na hivyo Kibera, ambayo katika ramani za kompyuta ilikuwa doa tupu, ikapata ramani iitwayo Map Kibera. Hawakuandika kwamba wanateseka. Waliandika palipo na maji na pasipo. Mimi huihesabu ramani hiyo miongoni mwa insha bora zilizopata kutoka katika mtaa ule, ingawa haina sentensi.

Yafaa kijana ajue vilevile kwamba hata swali lenyewe lina historia, na si historia safi. Vyuo vikuu mashuhuri vya Marekani viliwahi kupokea wanafunzi kwa mtihani tu. Katika miaka ya baada ya Vita Kuu vya Kwanza, vilipoona kwamba wana wa wahamiaji wa Kiyahudi wanafaulu kwa wingi, Columbia, Harvard, Yale na Princeton vikaanza kupima pia tabia, nasaba na mwenendo, vikauliza dini ya mwombaji na jina la mama yake kabla ya kuolewa, ili visiwe na haja ya kumkataa mtu kwa alama. Chombo kilichofuliwa kwa kuwafungia watu nje kilikuja baadaye kutumika kuwaingiza wengine, na tarehe 29 Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataza vyuo kuhesabu rangi ya mwombaji, iliacha wazi mlango mmoja: mwombaji mwenyewe aweza kueleza jinsi rangi yake ilivyoyagusa maisha yake. Tangu siku hiyo insha imekuwa nzito kuliko awali.

Wasaidizi wa kuibeba wamepatikana. Susan Mboya, binti wa Tom, alianzisha mwaka 2002 mfuko wa Zawadi Africa wa kuwapeleka wasichana ng'ambo, akizifuata nyayo za ndege za baba yake. Na mwaka 2004 Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich ya 1972, pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners, walianzisha KenSAP, wakawakusanya Iten vijana wa Bonde la Ufa waliofaulu, wakawafunza mtihani wa kuingilia chuo na namna ya kujieleza. Kutoka Kibera yenyewe alitoka Kennedy Odede, ambaye hakupata shule ya kawaida, ambaye mwaka 2004 alinunua mpira wa senti 20 za Kimarekani akaanzisha kikundi cha vijana kilichokuwa shirika la SHOFCO, na ambaye alipokewa na Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, kwa ufadhili kamili, akahitimu mwaka 2012. Wengi hutaja umaskini wake wamtajapo. Mimi huona kwamba jambo la kumtambulisha ni ule mpira: kijana asiye na kitu alikuwa amekwisha kuitisha watu, kupanga kazi na kuwaongoza, kabla chuo chochote hakijamsikia.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009 na bei ya intaneti ikashuka, ilizuka Nairobi na viungani mwake kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao kwa malipo. Wahitimu wasio na ajira, na wengine wasiohitimu bado, hukaa usiku kucha mbele ya kompyuta wakiandika juu ya falsafa, uuguzi, sheria, na wakati mwingine hata insha ya kuombea chuo. England ilipiga marufuku biashara ya kuuza insha kwa sheria ya 2022. Na mwaka 2024 filamu ya The Shadow Scholars ikamfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya, akiwatafuta waandishi hao. Kazi hiyo ni hadaa, na hakuna haja ya kuipamba. Lakini tazameni inalolishuhudia. Kijana aliyeko katika chumba cha kupanga aweza kuvaa nafsi ya mwanafunzi wa Ohio ambaye hajamwona, akachagua tukio dogo la utoto wa mgeni huyo, akalipa umbo na fikra, na mgeni akapokewa. Mkono huohuo, ukitakiwa kuandika habari zake wenyewe, hurudi kwenye matope na kibatari. Basi haiwezi kusemwa kwamba vijana hawa hawajui kuandika, au hawajui kuona jambo dogo likawa kubwa. Hujua. Kilichokosekana ni yakini kwamba maisha yao yanastahili uangalifu uleule waliowapa wengine kwa fedha.

Na maisha hayo yana mambo. Mifupa ya ng'ombe waliochinjwa katika machinjio ya Dagoretti huchukuliwa mpaka Kibera, ambako mafundi huikata, huichemsha itoke mafuta, huipiga msasa, kisha huigeuza shanga, vifungo na hereni. Na ndani ya kazi hiyo mna kemia, mna biashara, mna vumbi linaloharibu mapafu, na mna swali la nani huipanga bei ya uzuri. Katika soko la Toi, lililo kando ya Kibera, mtumba ukifunguliwa alfajiri, mchuuzi ana dakika chache za kukisia thamani ya nguo asizoziona bado, na msichana aliyekua akimsaidia mama yake katika kukisia huko amejifunza uchumi ambao chuo kitamfundisha kwa michoro tu. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 ikaendelea hadi ziwani bado hukata katikati ya Kibera, na katika ghasia za uchaguzi wa 2007 iling'olewa na watu waliokuwa wakiishi kando yake; aliyekuwa mtoto wakati ule na kuyaona mataruma yakichukuliwa ana neno la kusema juu ya dola, ambalo si machozi. Mtoto wa Kawangware ambaye baba yake hukusanya kodi ya ploti kwa niaba ya mwenye nyumba, ilhali naye ni mpangaji, anajua habari ya madaraka yasiyo na milki. Sikusudii kusema kwamba aliyefiwa asiandike msiba wake. Aandike, kama huo ndio ulioifanyiza akili yake. Ila auchague yeye, si kwa sababu amesikia kwamba msiba ndio unaonunuliwa.

Kwa kijana wa Kinubi jambo hili lina mkazo wa peke yake. Alipofika umri wa kupewa kitambulisho, kwa miaka mingi desturi ilikuwa kumpeleka mbele ya kamati ya upekuzi ithibitishe kwamba yu Mkenya, akatakiwa kuleta hati za wazazi na za babu, ilhali jirani yake wa kabila jingine, aliyezaliwa kichochoro hichohicho, hakuulizwa. Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto iliamua Machi 2011 kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Pasipo kitambulisho hapana pasipoti, na pasipo pasipoti barua ya chuo, hata ikiwa ya ufadhili kamili, haimvushi mtu uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hivyo katika muda usiozidi mwaka kijana mmoja aliweza kuulizwa mara mbili yeye ni nani: kwanza na maofisa waliotaka nasaba, kisha na chuo kilichotaka nafsi. Naye, kwa kuwa swali la kwanza lilimdhalilisha, aliliweka jalada la babu kabatini, akakaa mezani kulijibu la pili kwa kuandika juu ya mvua.

Jalada hilo lina nini? Lina hati ya askari aliyetoka Burma mwaka 1945, kibali cha kukaa kilichotiwa muhuri na serikali ambayo haipo tena, nakala za malalamiko yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha makarani wa zamani, na majina ya mama na bibi waliolima ekari ambazo leo zina barabara ya lami. Mjukuu aliyelazimika kuyasoma yote hayo ili apate kitambulisho amekwisha kufanya kazi ya mwanahistoria na ya wakili kabla ya kutimiza miaka 20, na hakuna mwombaji mwingine duniani aliye na nyaraka hizo. Nyingi haziwezi kufahamika bila mtu wa kuzifasiri, na wazee wa Makina waliozaliwa kabla ya Vita Kuu vya Pili kwisha wamebaki wachache. Fomu ya vyuo hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Aendaye kwao akaketi nao Juni au Julai, akiwa na daftari na muda wa kutosha, huwakuta bado wanazungumza.